Mita Kumi na Nne za Ukuta

Meneja alinipa ukuta, mita kumi na nne,
kati ya mlango wa choo na mashine ya kahawa,
akanipa na maneno matatu kwenye karatasi:
Heshima. Uaminifu. Mshikamano.
"Herufi kubwa," akasema, "zisomeke kwa mbali.
Wafanyakazi wetu hawana muda."

Muda wao niliupima: dakika kumi na mbili,
toka kengele hadi kengele,
ukitoa tatu za kunawa vumbi la gome,
vumbi la mwaloni, rangi ya kutu,
linalofika mpaka ndani ya mkate.

Nikachora. Nilikuwa na penseli nzuri na ujinga wa kutosha.
Nikachora mikono miwili imeshikana.
Deolinda, mwaka wa thelathini na moja kwenye mkanda wa kuchagulia,
akainama juu ya meza yangu, akaitazama
kama anavyotazama kizibo chenye tundu la mdudu.
"Hii haina kucha," akasema,
akarudi kazini.

Nikafuta.

Wiki nzima nikakaa nao mkandani,
Santa Maria de Lamas, mvua ya Novemba ikitwanga bati,
nikijifunza kutenga: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha kusagwa.
Vidole vyao hukata shauri kabla ya macho.
Nilipokosea, Graciete hakuninong'oneza hata neno;
mkono wake ulipita chini ya wangu,
ukakirudisha kizibo kwenye kikapu chake,
na msimamizi hakuona.
Nikaandika daftarini. Kisha nikajiuliza:
hii ni heshima, ama uaminifu, ama ni lile la tatu?
Na yule atakayefungua chupa, ng'ambo huko, asiyetujua,
naye yumo?

Alhamisi wakanisimulia habari ya Adérito.
Siku nne kadi yake iligongwa asubuhi na jioni,
naye yuko hospitali ya Feira,
ameshika bakuli chini ya kidevu cha mkewe.
Nani aligonga?
Kila mmoja alitaja jina la mtu aliyekwisha kustaafu.
Wakacheka, na mimi nikacheka.
Lurdes hakucheka.
"Siku nne hizo nilibeba magunia ya watu wawili," akasema,
"mgongo wangu mimi.
Hakuna aliyeniuliza kama nakubali kuwa mwema."
Mkanda ukapita.
Kizibo, kizibo, kizibo.

Usiku ule karatasi ya meneja niliigeuza,
nikachora upande wa pili.

Ukuta wenyewe niliuacha karibu mtupu.
Kadi moja ya saa, imechakaa pembeni,
nikaitundika usawa wa macho ya mtu aliyeketi.
Hatua mbili kutoka hapo, gunia,
na mizani ya kupimia, imesimama penye kilo arobaini.
Chini yake kigoda cha Lurdes, kile kile,
chenye mto alioushona kwa mguu wa suruali ya mumewe.
Maneno matatu niliyaweka pia, nisije nikanyimwa ujira:
herufi ndogo, jirani na sabuni,
mahali mtu husubiri mikono ikauke.

Siku ya kufungua, meneja alitembea mita zote kumi na nne,
akarudi.
"Jibu liko wapi?"
Kengele ikalia kabla sijafumbua mdomo.

Wakaingia na mikate yao.
Lurdes hakutazama kitu; alikiona kigoda chake, akakikalia.
Adérito akaja na vikombe viwili vya kahawa,
akasimama mbele ya gunia muda mrefu
kwa mtu mwenye dakika tisa.
"Sikujua," akasema.
"Hukuuliza."
Akampa kikombe. Akapokea.
Wakanywa, yeye ameketi, mwenzake wima,
akihamisha uzito mguu hadi mguu,
akitafuta kwa macho pa kukaa.

Nilikuwa nimepima kila kitu, hata kivuli cha taa.
Kiti cha pili sikukiweka.