Kiporo kwa Simu

Ugali wa jana usiku umelala kwenye trei,
friji ya Ghubra imeukaza
hata kidole hakizami.
Ijumaa, saa mbili asubuhi, kiyoyozi kinakohoa,
nami nimejifunga kikoi, kisu mkononi,
nimempigia mama.

"Weka kisu chini," anasema kutoka Ibra.
"Kisu kinauburura. Tafuta uzi."
Mwanamume anayeishi peke yake
ana uzi wa meno tu, wenye ladha ya nanaa.
Sisemi kitu. Naukata nao.
Vipande vinaanguka, unene wa kidole gumba,
vyeupe, vina jasho la baridi.

"Vifute jasho."
Navifuta.
"Vipake unga mkavu. Vipake, usivizike."
Navipaka.
"Na samli ipi hiyo?"
Ile uliyonitumia kwa mkono wa Khalfan, mama,
ya manjano, yenye uwatu,
kwenye chupa iliyokuwa ya asali.
"Haya. Iache mpaka iishe kupayuka."

Cha kwanza nakigeuza mapema.
Kinaacha ngozi kikaangoni,
tumbo linanibakia kwenye mwiko.
"Umekigusa."
"Sijakigusa."
"Muhenna."
"Nimekigusa."

Tangu macho yake yaingie ukungu,
daktari wa Ibra akasema tungoje,
wa Maskati akasema tumechelewa,
mama anapika kwa masikio.
Wali ulioiva anaujua kwa sufuria inavyopumua,
mgeni anamjua kwa anavyovua viatu.
"Sogeza simu kwenye kikaango," anasema,
"halafu ondoka hapo, unanipumulia."

Basi nasimama kando, jikoni mwangu mwenyewe,
kama mtoto aliyetumwa chumvi akaja na sukari,
na wao wawili wanaongea.
Samli inasema chwa-chwa-chwa,
mama anasema mm.
Samli inashusha sauti, inakuwa mchanga
unaomwagwa polepole juu ya karatasi,
mama anasema bado.
Pembeni rangi inaingia, kwanza ya ufuta,
kisha ya tende iliyosahauliwa juani.
Harufu imefika mpaka kwenye ngazi,
jirani amefungua mlango akaufunga.
Mkono unaniwasha.
"Bado. Kikiwa tayari kitajiachia chenyewe.
Ukikilazimisha kitakupa nusu."

Mwaka jana, nilipompelekea habari za Rayhana
na mkufu uliorudishwa ndani ya kisanduku chake,
alinijibu maneno hayahaya.
Niliyachukua kama wosia, nikalala nayo wiki nzima.
Leo sina hakika.
Pengine alikuwa jikoni.

"Sasa."

Nageuza. Kinakuja chote, kwa mpigo mmoja,
uso wa kahawia wenye vipele,
ukingo mwembamba unaolia ukiugonga kwa ukucha.
Cha tatu hivyohivyo. Cha nne.
Cha tano kimeungua upande, nakiweka chini ya vingine.

"Tafuna karibu na simu."

Natafuna. Nje kinavunjika kama kigae,
ndani bado ni uji wa utotoni, wa moto,
ulimi wangu unapiga kelele bila sauti.
Ibra yote imenyamaza.
Nasikia feni yake. Nasikia njiwa juu ya ukuta wa ua.
Meno yake yamebaki manne, hayaonani;
Latifa humlainishia kila kitu kwa mchuzi,
na mkate, na samaki, na hata biskuti.
Natafuna tena, polepole,
upande wa kulia, kisha wa kushoto,
ili asikose kitu.

Namsikia anameza.

"Umezidisha chumvi," anasema.

Naonja.
Kweli.