Punje ya Manjano

Mwaka wa kwanza, Tartu, nilidhani nitafundishwa wanyama.
Nilifundishwa mavi.

Daktari Virve aliyamwaga juu ya karatasi nyeupe
akayatenga kwa ncha ya kalamu, kama achaguaye mchele:
"Haya ya sungura. Haya ya kwale. Na haya,
madogo, makavu, ya manjano kama haradali,
haya mkiyaona pigeni magoti."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Ni ya kindi arukaye, mtu wa usiku,
mwenye macho yaliyoumeza uso
na ngozi iliyolegea mbavuni; huitandaza,
akajiachia toka mti hadi mti
kama leso iliyoponyoka kambani.
Ndivyo kitabu kisemavyo. Mimi sijamwona.
Mwaka wa tatu huu wa shahada, sijamwona.

Namjua kwa hesabu.
Najua kanuni ya kupimia ukimya:
ukipita mara tano mahali usikute kitu,
ni kwa kiasi gani uruhusiwe kusema hakuna kitu.
Tuliikariri bwenini, Tarvo na mimi,
juu ya supu ya kiazi iliyokwisha kupoa.

Aprili tukapelekwa Alutaguse, mashariki,
theluji imebaki vivulini tu, michafu, kama shuka la hospitali.
Kindi hupenda mti uitwao haab,
ule ambao majani yake hutetemeka hata upepo ukilala,
lakini Aprili hauna majani,
una shina tu, la kijivu, na tundu la kigogota.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Tukainama. Miti arobaini. Miti mia.
Tarvo akitaja namba, mimi nikiandika:
hapana, hapana, hapana,
mpaka neno likapoteza maana, likawa mlio.

Siku ya tatu ramani ikatuingiza kwenye msitu wa baba.
Sikumwambia Tarvo.
Mashina yalikuwa yamekwisha kupakwa alama nyekundu,
mnunuzi kutoka Rakvere ametoa arubuni,
na arubuni ndiyo chumba changu,
ndiyo koti hili, ndiyo hivi viatu
vilivyosimama pale vikizama kwenye kuvumwani.

Mti wa mia mbili na kumi na nne.
Tarvo alikuwa nyuma ya msonobari, akigombana na zipu yake.
Chini ya mizizi, punje tatu.

Punje tatu!
Kidole kimoja kingetosha kuzifukia.
Nilimwona baba, Septemba ile,
akishusha gunia la viazi mlangoni pa bweni,
akipangusa mikono kwenye suruali ili anishike mkono
kama mgeni: "Soma, Leelo. Ila usisomee njaa."

"Vipi huko?" Tarvo aliita.

Sijui nilikaa kimya muda gani.
Kwenye daftari mwandiko ni mbaya,
herufi zimeinama kama zinakwepa kitu,
lakini zinasomeka:
214. Ndiyo.

Jioni nikapiga simu mwenyewe, kabla ya barua ya wizara.
"Wangapi?" baba aliuliza.
"Sijui. Labda mmoja."
"Umemwona?"
"Sijamwona."
"Sasa umeandika nini?"
"Mavi, baba."
Nikasikia kiti kikisukumwa. Nikasikia birika.
Kisha sikusikia.

Pesa ya chumba huja bado kila mwezi,
pungufu ya yuro arobaini, bila neno.

Mtihani wa Juni ulikuwa na swali la lazima:
Eleza tofauti kati ya "hayupo" na "hatukumwona".
Nilijaza kurasa mbili, na mchoro.
Daktari Virve akanipa alama zote,
akaandika pembeni kwa wino wa kijani: Safi.

Kuhusu baba, ambaye simu yake huita mpaka ikakatika,
sijui niandike lipi.