Ndoo za Mwanzo

Fomu ya uhamisho ina kurasa nne.
Ya tatu inauliza: Sababu.
Wameacha mistari miwili na nusu,
kana kwamba sababu ya mtu
ni sanduku la posta.

Hapa Moshi maabara yetu ina kompyuta kumi na mbili.
Nne zimelala tangu nikiwa mwaka wa kwanza,
moja huamka ukiigonga ubavuni.
Kwa hiyo Mwalimu Mkindi hutufundisha kwa chaki.
Huandika kitanzi ubaoni,
halafu yeye mwenyewe anakuwa mashine:
sifuri, anapiga hatua; moja, anapiga hatua; mbili,
kutoka dirishani hadi mlangoni,
mpaka sharti livunjike,
naye anatoka nje kabisa, anatuacha,
tunacheka,
na tumeelewa.

Arusha kuna seva. Kuna intaneti isiyoomba radhi.
Naetwe, aliyehamia mwaka jana,
alinitumia picha ya chumba chenye baridi ya makusudi,
mashine zimepangwa kama mizinga ya nyuki,
vitaa vya kijani vikikonyeza.
Niliikuza picha ile kwa vidole
hadi ikawa vumbi la rangi.

"Si ni pale tu," watu wanasema.
Kilomita themanini.
Ukinunua chapati ya moto hapa stendi
unafika Tengeru ingali vuguvugu.
Kweli. Lakini katika barua yao,
kati ya masomo yangu kumi na sita
wamekubali tisa.
Saba yamefia njiani,
mahali fulani kati ya Boma Ng'ombe na Kikatiti,
pamoja na Takwimu, niliyoikeshea kwa tochi ya simu.
Saba ni mwaka mzima.
Mwaka mzima ni mkopo ambao Bodi haitauongeza,
ni kahawa ya misimu miwili,
ni Elinami, mdogo wangu, kuambiwa tena
VETA haikimbii.

Jumapili nilipanda Machame kumwambia mama.
Nilimkuta mferejini, zamu yetu ya maji,
kanga ameikaza, tope hadi magotini.
Krediti ni nini? Nikamweleza.
Akazibua kwa jembe, akaziba kwa magome ya mgomba,
maji yakasita, yakageuka,
yakaingia mkondo uliokauka tangu Julai.
Tukayatazama. Hayakufika mbali.
"Ndoo za mwanzo," akasema, "hunywewa na udongo.
Huwezi kuzidai."
Sasa mama, nihame au nisihame?
"Mimi naongelea maji,"
akasema, akaniachia jembe.

Alhamisi usiku, hosteli ya Rau.
Umeme umekatika, betri asilimia kumi na moja.
Nikaandika programu ya mzaha:
kama nitabaki, fanya hivi;
vinginevyo, fanya vile.
Ikagoma.
Kuna kigeu, ikasema, mstari wa kwanza,
hakijapewa thamani.
Nilicheka peke yangu gizani
mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nikampelekea Mwalimu Mkindi karatasi,
ukurasa wa nne, sahihi ya mkuu wa idara.
Alikuwa katikati ya kipindi.
Akaisoma sababu yangu yote, mistari miwili na nusu,
polepole, kama anayetafuta kosa.
"Hapa umefungua mabano," akasema.
"Hukuyafunga."
Akasaini. Akarudi ubaoni,
akaanza upya kutoka sifuri.

Nimesimama kwenye korido, nimefunga mabano.
Mapokezi yanakoma saa kumi jioni,
sasa ni saa nne na robo.
Dole gumba lake limebaki kwenye fomu,
jeupe, la chaki, na mistari yake yote inasomeka.
Naikunja karatasi kwa upande wa pili,
taratibu,
nisije nikalifuta.