Maji ya Moto

Jumanne asubuhi, Kibos Road, ghala la magodoro.
Nimebeba geji yenye mipira mitatu,
mwekundu, wa manjano, wa buluu,
na spana ya Wasike, iliyonivunja kidole gumba
mwaka wa kwanza wa kazi.
Mlinzi, Ombima, anasoma kitambulisho changu mara mbili,
halafu ananisoma mimi.
"Wewe ndiye fundi, ama fundi anakuja?"
Ndiye, nasema. Fungua chumba cha bomba.

Anafungua. Popo mmoja, mfuko wa saruji iliyoganda,
na juu ya vali, sufuria ya ugali wa jana
imekaa kama mgeni aliyezoea.

"Haya si ya kunywa," ananifundisha.
"Haya ni maji ya moto."
Nacheka, maana nimeyagusa:
ni baridi kuliko kisima.
Maji ya moto yasiyowahi kuuona moto,
yamejipanga darini miaka kumi na mmoja
kama askari waliosahauliwa kambini,
wakioza na buti zao.

Nafungua kijibomba cha kujaribia.
Yanatoka meusi. Yananuka sarafu, yai, kutu,
yananuka kusubiri.
Ombima anarudi nyuma hatua mbili.

Basi hata maji hurudi hivyo hivyo, namwambia.
Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Wahenga hawakuukuta umeme ukikatika saa nane mchana,
pampu zikikohoa na kunyamaza,
bomba kuu likivuta pumzi ndani
kama mtu aliyeshtuka,
na maji, yasiyo na haya wala kumbukumbu,
yakageuka.
Yakashuka kutoka darini, yakapita mlango ulioachwa wazi,
chini ya lami, chini ya mitaro,
hadi Manyatta, hadi kioski cha Rispa
anayeuza mtungi shilingi tano
na kuusuuza kwanza, bila kuambiwa.

*Kila mwenye bomba la kuzimia moto
ataipima vali yake mara moja kila mwaka,
na mpimaji atatia sahihi kwa jina lake.*
Kifungu cha tisa. Nakijua kwa moyo.
Hakuna Rispa ndani yake.
Nimemtafuta.

Vali ya kwanza: sindano inasimama.
Vali ya pili: sindano inashuka
kama mtu kwenye ngazi za giza,
akipapasa, akipumzika, akishuka tena.
Naipa dakika tano. Naipa nyingine tano, kwa huruma.
Inafika sifuri, inakaa.

Meneja anakuja na kikombe cha chai mkono mmoja,
mkono wa pili cheti cha mwaka jana.
"Mbona hapa ilipita?"
Nakipokea. Muhuri safi, tarehe safi,
na chini, kwa wino wa buluu, herufi zilizolala upande:
*J. Wasike.*

Wasike tulimzika Kimilili mwaka juzi.
Nilimwaga udongo kwa mkono huu.

Kumbe si maji tu yanayorudi.

Sisemi kitu. Naandika: IMEFELI.
Naandika jina langu lote, hadi la babu.
Mpira wa vali umechanika, wa kubadilisha utatoka Nairobi,
siku tisa, na hadi hapo nalifunga bomba.
"Na moto ukija siku hizo tisa?" meneja anauliza,
na kwa mara ya kwanza ameuliza swali la haki.
Magodoro yamepangwa hadi dirishani.
Sina kifungu cha kumjibu.
Weka watu wa zamu usiku, nasema, weka mchanga, ndoo,
na hata nikisema najua ndoo ni nini
mbele ya godoro linalowaka.

Nakaza spana. Ombima anaiondoa sufuria yake,
anaikumbatia, anasita.
"Fundi," kwa sauti ndogo,
"lile bomba la uani, ninalochotea ya chai,
linaunganika wapi?"

Nautazama ukuta, nafuata bomba kwa jicho:
linapanda, linakunja kona,
linaingia hapa.

Meneja anakitazama kikombe.
Kimebaki nusu.