Dakika ya Sita

SNEL watakata saa moja, kama kawaida yao,
na sasa ni saa kumi na mbili na dakika ishirini.
Faili ina giga kumi na nane: mazishi ya Mzee Zihalirwa,
kutoka kanisani Kadutu hadi shimoni, mvua juu yetu.
Binti yake yuko Winnipeg. Karatasi zake hazijatoka;
akija kulia hapa, hataruhusiwa kurudi.
Atatazama kwa simu. Mwisho wake mega mia mbili.

Mara ya kwanza mashine iliniambia: masaa matatu na nusu.
Nilicheka kama mtu aliyetukanwa.

Basi nimepunguza. Upana wa picha, nusu.
Fremu hamsini kwa sekunde (nani hulia
mara hamsini kwa sekunde?) ziwe ishirini na tano.
Kupitia mara mbili nimekataza: ipite mara moja, isigeuke nyuma.
Mzigo wote nimeitwika kadi ya picha,
mtumba wa Nguba, jasho la harusi tatu.
Feni inanguruma kama mashine ya kusaga mhogo.
Dakika thelathini na moja.
Hizo naziweza.

Nikingoja, natazama mchoro wa uzito.
Mvua, nzito. Migomba ikipigwa na upepo, nzito zaidi.
Kwaya, miavuli, tope kwenye viatu vya wabebaji, mega juu ya mega.
Halafu, dakika ya sita, mstari unaporomoka
karibu na sifuri.

Ni Mama Nsimire.
Yuko kwenye kiti cha plastiki, ukingoni mwa turubai,
hajainua hata kope.
Mashine ina sheria yake: kisichosogea
hakiandikwi mara ya pili.
Imemwandika mara moja, kisha, fremu baada ya fremu,
imesema tu: vilevile. Vilevile. Vilevile.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa,
kilobaiti chache.

Saa moja kasoro dakika saba, imekwisha. Naihamishia simuni, naituma.
Saa moja kamili, giza;
hata jokofu la jirani limenyamaza.

Huko kwao ni mchana. Anajibu:
«Kaka Murhula, Mungu akulipe.
Ila dakika ya sita video imeganda.»

Naandika. Nafuta. Naandika tena.

Haijaganda, dada.
Angalia pindo la kitenge chake, chini, kushoto:
kuna tone linaning'inia.
Ngoja lidondoke.