Weka Vitenzi Katika Wakati Uliopita

Swali la nne, alama kumi.
Gulu, Jumanne, mvua ikipiga bati:

*Waiki (kaa) juu ya mlima Morungole.
(Vuna) asali. (Hama) kila walipovamiwa.*

Darasani tulikuwa tisini na sita.
Mwiki mmoja.
Nilihesabu mara mbili, kwa mazoea,
maana siku ya usajili karani alinihesabu
chini ya kabila la jirani.
"Si kulekule tu, dada?" Akagonga muhuri.

Kiswahili changu sikukisomea. Nilikiokota
kwenye uzio wa kambi, Kamion, kwa askari waliotulinda
na siku nyingine wakatusahau:
simama, nani huyo, leta maji, songa.
Lalam, tunayelala naye chumba kimoja, hucheka:
"Unaongea kama bunduki."
Ila darasani Mwalimu Ojera ananidai sauti.
"Wewe wa nyuma! Husikiki."

Ningemweleza vipi?
Kwetu neno halifungwi kama mlango.
Irabu ya mwisho haina sauti, ni pumzi tu,
mtu husogea karibu ndipo aipate.
Huku ukinong'ona, basi huna jibu.

Nikashika kalamu.
*Wanakaa*, nikaandika. *Wanavuna*.
Kwenye (hama) nikasita.
Mama alihama mara nne, mara mbili nikiwa mgongoni.
Hiyo *li* ameilipia. Nikaiacha ipite:
*walihama*.

Karatasi ikarudi na wino mwekundu, tatu kwa kumi.
Nikamfuata ofisini. Alikuwa akimenya karanga.
"Mwalimu, sisi bado tupo."
Si mtu mbaya. Alinivutia kiti,
akanisogezea na karanga zenyewe.
"Najua mpo. Lakini swali ni moja kwa wote, binti.
Hiyo ndiyo haki."

Haki.
Nilizitafuna karanga zake polepole.
Swali moja kwa wote, sawa,
ila wale tisini na watano
hawakuombwa wajizike wenyewe
kwa kiambishi, kwa alama kumi.

Hayo sikuyasema. Nilisema asante.
Wafadhili wa ada wanataka wastani
ambao alama saba hizo zimeumega.
Muhula ujao siujui.

Usiku mama akapiga, amesimama juu ya jiwe lile
ambapo simu hushika.
"Mnafanya nini?"
"Tunapalilia mtama. Nyuki wamerudi
kwenye mzinga wa baba yako. Wewe unakula?"
Nikamwambia nakula.
Akaniaga kwa neno moja la kwetu.

"Mtandao umekata," akasema Lalam toka kitandani kwake.

Haukukata.
Ilikuwa ile irabu.