Nani Amefariki?

Raba zilikuwa uvunguni, nyuma ya ndoo ya mahindi,
moja imelala ubavu kama mlevi wa sikukuu,
ya pili haina kamba: Maganga aliichomoa mwaka juzi
akafungia chandarua.
Nikapekua kikapu cha vitambaa, nikapata utepe wa zambarau
uliobaki kwenye sare za kwaya.
Nikafunga. Nikasimama. Magoti yakabisha:
ko, ko,
kama wageni wasiosubiri kukaribishwa.

Saa kumi na moja na nusu. Kanyenye bado giza,
vumbi limelowa umande, halijaamka kugombana na mtu.
Nilipanga kufika Stesheni na kurudi.
Zamani, nikichezea netiboli timu ya Reli,
hiyo ilikuwa ya kupasha misuli tu,
tunakimbia tukisengenyana, na pumzi ya kuchekea inabaki.
Sasa nilifika kwa Kapela fundi baiskeli,
nguzo tatu za umeme kutoka mlangoni kwangu,
moyo ukaanza kudai malimbikizo ya miaka minne
kama karani wa kodi aliyeipata nyumba yangu.

Ndipo dirisha likafunguka. Mama Nyamizi, kanga kichwani:
"Kalunde! Kuna nini? Nani amefariki?"

Maana huku kwetu mtu mzima hakimbii bure.
Ukimwona mwanamke mbio alfajiri
ujue kuna ua wanakokoteza moto, wanatandika mikeka.

"Hakuna," nikasema. "Nafanya mazoezi."
Akanitazama kama vile nimesema nakwenda kuchuma kokoto.
"Mazoezi ya nini?"
Jibu lilikuwepo. Pumzi ya kulibeba haikuwepo.

Nikatembea. Sifichi, nikatembea,
mkono kiunoni, najifanya natafuta kitu kilichodondoka.
Kijana wa mikate akanipita, akapiga kengele: "Pole, mama,"
pole ile ile ya msibani.
Na pale kwenye reli, nikishika chuma chenye baridi,
swali la Mama Nyamizi likanifikia,
limechelewa kama treni ya Kigoma.

Mama.
Mama ndiye amefariki.
Mwaka jana, mwezi wa tatu, baada ya miaka mitatu
ya kumgeuza ubavu huu, ubavu ule,
kumnywesha uji kwa kijiko cha chai,
kuhesabu pumzi zake usiku, zangu nikiziacha zijihesabu.
Hayo nayo yalikuwa mazoezi, nani angesema:
kumwinua mtu mzima kitandani mara sita kwa siku,
mgongo wangu ukijua, kilo kwa kilo,
anavyopungua.
Alipokwisha, mikono ikakosa cha kuinua.
Nikakaa kwenye cherehani. Nikakaa.
Miguu ikabaki na kazi ya kukanyaga kibao,
ikaenda maili elfu bila kutoka chumbani.

Siku ya pili sikutoka.
Ya tatu nilichutama chooni, kuinuka ikawa kesi,
nikamwita Maganga, akaja anacheka, akanivuta kama gunia.
Ya nne nikafika nguzo ya nne.
Sihesabu tena kilomita. Nahesabu nguzo,
na kuna wiki nguzo zinapungua, sijui nani anaziiba.
Utepe nimebadilisha mara mbili.

Jana dirisha likafunguka.
"Kalunde, nani tena?"
Lakini anacheka, na mguuni ana makubazi ya mumewe,
kitenge amekikaza mafundo mawili.
"Nisubiri," anasema. "Ila usikimbie."

Hatukukimbia. Kwa Kapela akashika nguzo kwa mikono yote miwili.
"Stesheni bado mbali?"
"Bado."
"Basi tukae kidogo."
Tukakaa juu ya tairi bovu la fundi, kimya,
jasho likinikauka shingoni,
mpaka honi ikalia kule mbele:
treni, saa nne nyuma ya wakati wake,
inaingia.